TAMKO LA TAWI: MAJI YA BWAWA LA HOMBOLO HAYANA KADI YA CHAMA



Mvua zimekwisha na maneno kuhusu Bwawa la Hombolo yameanza tena. Mwenye zabibu anamlaumu mfugaji, mfugaji anamlaumu mwenye bustani, mvuvi anawalaumu wote. Makundi yote hayo yana wanachama wetu, kwa hiyo Tawi haliwezi kukaa kimya.

Tuanze na hesabu. Bwawa lilijengwa 1957. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mapato ni ya miezi mitano, matumizi ni ya miezi 12. Tope nalo linapunguza kina mwaka hadi mwaka, na jua linachukua fungu lake. Akaunti ya namna hii haihimili kila mtu achote anavyotaka.

Kila mmoja ana hoja. Zabibu za mavuno ya Agosti na Septemba hazipatikani bila kumwagilia. Ng'ombe hawezi kusubiri zamu ya wiki ijayo. Mvuvi hana cha kuvua kwenye tope. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeshapanga foleni: kwanza matumizi ya nyumbani, pili maji ya kulinda mazingira, kisha shughuli za kiuchumi.

Msimamo wa Tawi ni huu:

*1.* Pampu ziende kwa zamu zilizoandikwa, chini ya jumuiya ya watumia maji, na daftari lisomwe hadharani. Anayemwagilia awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

*2.* Njia za mifugo kufika majini ziachwe wazi. Aliyelima juu ya njia aondoke.

*3.* Mita 60 kutoka ukingoni zisilimwe, kama inavyoelekeza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ukingo uliolimwa unaongeza tope.

Tunajua zamu zitawabana zaidi wenye bustani, na baadhi yao ni viongozi wetu. Waanze wao. Kiongozi atakayewasha pampu usiku nje ya zamu asitegemee Tawi kumtetea. Na kwenye mikutano ya maji tusiende na sare. Pale sote ni watumia maji, pamoja na majirani wa vyama vingine.

Tukigombana Juni, Oktoba hatutakuwa na cha kugombania.

Kwa niaba ya uongozi wa Tawi,
*Katibu wa Tawi*