Taa nyekundu si sifa, jamani!

Wadau, leo nina hasira kidogo, mniwie radhi. Hivi nani aliwadanganya mafundi mitambo wetu kwamba taa nyekundu kwenye mikisa maana yake "sasa tunasikika"?

Karibu kila studio ninayoingia ni yale yale. Taa zinawaka mfululizo kama gari la zimamoto, na fundi anatikisa kichwa kwa raha zake. Ukimuuliza anakwambia "lazima igonge, kaka". Igonge wapi?

Mita zenyewe hazisemi kitu kimoja. Ile ya mshale, VU, ilikubaliwa Marekani mwaka 1939, na mshale wake ni mzito kwa makusudi: unachukua kama milisekunde 300 kufika panapostahili. Kwa hiyo unaonyesha wastani, karibu na jinsi sikio linavyosikia. Ngoma ikipigwa kofi moja kali, kilele kimeshapita kabla mshale haujaamka. BBC wao walitaka mita ya vilele, inayoruka haraka na kushuka polepole ili jicho liwahi kuona. Ndiyo ile yenye namba 1 hadi 7, na kwa fundi wao 6 ndiyo mwisho wa safari.

Kwenye mitambo ya analogi sifuri ya VU haikuwa ukuta. Juu yake palikuwa na nafasi, na kupita kidogo hakukuua mtu. Kwenye kompyuta sifuri ni DARI. Wimbi likifika pale linakatwa kichwa, na programu za "kurekebisha" zinakisia tu kichwa kilikuwaje. Ndiyo maana watangazaji wa Ulaya hupanga kiwango chao cha kupimia desibeli 18 chini ya dari. Huo si woga. Hapo ndipo kicheko kinapokaa, na kilio pia.

"Lakini kituo chetu kitasikika kuliko cha jirani!" Uongo mtupu. Kati ya mikisa na mnara wa FM kuna mashine inayobana sauti, maana mtambo una kikomo chake. Ipelekee sauti safi au iliyopasuka, ukubwa unaotoka ni karibu ule ule. Msikilizaji ndiye anayeletewa mpasuko nyumbani, masikio yanamchoka bila kujua kwa nini, anahama stesheni.

Muziki tuuache. Mimi ni mwandishi, kinachoniuma ni mahojiano. Niliwahi kumhoji mama mmoja aliyenyang'anywa kiwanja, katika studio ambayo sitaitaja. Anaongea taratibu, kwa upole, kwa hiyo fundi akapandisha maikrofoni hadi karibu na mwisho. Alipofika kwenye kueleza walivyomtoa, mama akapaza sauti. Taa ikawaka. Namwonyesha fundi kwa kidole kupitia kioo, ananijibu kwa dole gumba! Baadaye sentensi ile, ambayo ndiyo habari yenyewe, ilitoka kama mahindi yanayokaangwa. Tukamwomba mama arudie. Akasema ameshasema.

Kuepuka hilo kunachukua dakika mbili. Achana na "moja mbili, moja mbili" ya kunong'ona, hakuna anayehojiwa kwa sauti hiyo. Mwulize mgeni jambo linalomchoma, sikiliza chaneli yake peke yake, kisha panga nguvu ya maikrofoni ili wastani ucheze karibu na hiyo -18 na vilele viishie mbali na dari. Mtu akiongea chini sana, sogeza maikrofoni karibu na mdomo wake. Kuongeza sauti baadaye inawezekana, kurudisha kilichokatwa haiwezekani.

Na msiniletee ile ya "mbona Wazungu nao wanagonga". Wanagonga, ndiyo. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, waliolalamika kwamba sauti imepasuka walikuwa mashabiki wao wenyewe.