Stesheni Isiyo na Mtumishi

Stesheni ya Shimonada, mkoani Ehime katika kisiwa cha Shikoku, Japani, ilifunguliwa tarehe 9 Juni 1935. Ina jukwaa moja, kijumba cha mbao na benchi zinazotazama bahari. Mkuu wa stesheni hayupo, wala karani wa tiketi. Abiria hupanda, akachukua kikaratasi chenye namba, na anaposhuka hutia nauli yake sandukuni mbele ya macho ya dereva, ambaye ndiye mtumishi pekee wa treni ile.

Watalii huifuata stesheni hii ili wapige picha jua linapokuchwa. Hatuna ugomvi nao. Ila reli ile haikulazwa kwa ajili ya picha.

Mwaka 1986 ilifunguliwa njia ya mkato ipitayo mbali na pwani, na treni za haraka zikahamia huko. Tarehe 1 Aprili 1987 Shirika la Reli la Taifa likavunjwa, zikazaliwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Tatu kati ya hizo sita zilipewa visiwa vya Hokkaido, Shikoku na Kyushu, na wakubwa walijua tangu mwanzo kwamba haziwezi kujikimu. Basi zikatengewa fungu la fedha. La Shikoku peke yake lilikuwa yeni bilioni 208.2. Pato la fungu hilo ndilo lililotarajiwa kuziba pengo la kila mwaka.

Hapo ndipo tunapoona kosa. Usafiri wa mkulima na mvuvi wa kisiwani ulifungwa kamba moja na riba. Katika miaka ya 1990 riba ikaporomoka nchini Japani, na pato likaporomoka nayo, ingawa mwanafunzi na mgonjwa wa Shikoku hawakuwa wametenda lolote. Mwaka 2011 Serikali ikalazimika kuongeza msaada. Huko Hokkaido mambo ni mazito zaidi: stesheni ndogo ya Kyu-Shirataki ilifungwa Machi 2016.

Hatudai kila stesheni irudishiwe karani. Kama treni inafika kwa saa yake na mzee anapanda salama, kukosekana kwa karani kwaweza kuvumilika. Tunalolipinga ni huduma kupunguzwa kidogo kidogo, leo karani, kesho treni ya jioni, kisha wananchi waambiwe kwamba abiria wamekwisha. Sisi tuliozungukwa na maji, tunaosafiri kwa ratiba iliyopangwa na wengine, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Hisa zote za kampuni ya reli ya Shikoku zingali mikononi mwa Serikali ya Japani, kupitia wakala wake. Mwenye mali anajulikana. Na awatamkie wazi wakazi wa pwani ile ni treni zipi zitabaki, kwa miaka mingapi, na gharama yake ataibeba nani.