Kompyuta Iseme, na Iseme Kiswahili

Ndugu mwanakisomo, wewe sasa unajua kusoma. Ukishika simu janja unayaona maneno "Tuma pesa", "Salio", "Rudi". Unasoma, unachagua. Je, jirani yako asiyeona atafanyaje? Kioo cha simu hiyo ni laini mahali pote. Hakina kitu cha kupapasa.

Simu za vitufe zina kinundu kidogo juu ya namba 5. Asiyeona hukipapasa, akajua yuko katikati, kisha akazipata namba nyingine. Simu janja ni kompyuta ndogo, na haina kinundu hicho. Kwa hiyo lazima apate msaada mwingine. Msaada huo ni sauti.

Watu wengi hudhani sauti ya kompyuta ni pambo, au mlio wa kuchezea watoto. Mimi sikubali. Kengele ya shule ikilia, nani huenda kuitazama? Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo, na watu hutoka majumbani. Kompyuta nayo inaweza kutoa mlio mmoja ikikubali na mlio mwingine ukikosea. Lakini milio hiyo itofautiane. Ikifanana ni kelele tu.

Kubwa zaidi ni kompyuta kusoma maneno kwa sauti. Programu za kazi hiyo zipo. Mwaka 1989 Ted Henter wa Marekani, aliyepofuka kwa ajali ya gari, alitoa programu iitwayo JAWS. Ni nzuri, ila bei yake ni kubwa. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, alianza kutengeneza nyingine iitwayo NVDA. Hii hutolewa bure. Katika simu za Android ipo TalkBack, na katika iPhone ipo VoiceOver. Zote mbili zilianza kutumika katika simu hizo mwaka 2009. Mtu hupitisha kidole juu ya kioo, na simu humtajia kilichopo chini ya kidole. Akitaka kukifungua, hugonga mara mbili upesi.

Basi shida iko wapi? Shida iko kwa watengenezaji. Kila kitufe cha kwenye kioo lazima kipewe jina ndani ya programu, hata kama machoni kinaonekana kuwa picha tu. Mtengenezaji akisahau, simu husema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Fikiri juu ya ghala lenye makopo yasiyo na maandishi. Kopo moja lina chumvi, jingine lina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wewe ungethubutu kupika? Kuandika jina la kitufe ni kazi ya dakika moja. Kutokuandika ni uzembe, nami sioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Iko pia shida ya lugha. Sauti ya Kiingereza ikisoma "Tuma pesa" huyavuruga maneno hayo hata mwenye lugha hayatambui. Na sauti ya Kiswahili ipo! Ile ya bure iitwayo eSpeak husoma Kiswahili. Ni kavu kidogo, kama ya mtu mwenye mafua, lakini inaeleweka. Tena orodha za huduma za pesa hufungwa usipojibu upesi. Mtu anayesikiliza anahitaji muda kuliko anayetazama. Aongezwe muda.

Asiyeona akishindwa na hayo yote, hufanya nini? Humwita mjukuu, au humpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Pesa za korosho za mwaka mzima zimo humo. Mjukuu huenda ni mwaminifu, na wakala pia. Lakini mtu mzima aliyelima kwa mikono yake hastahili kukaa akitumaini kwamba wenzake ni waaminifu. Anastahili kujua mwenyewe salio lake, na kujua peke yake. Ndiyo maana namshauri pia atumie visikizi vya masikioni, maana simu ikitaja salio kwa sauti mbele ya watu, siri imekwisha.

Wapo watakaouliza: simu zikisema, nani atakuja darasani? Wakumbuke kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Vikundi vya watu wazima nchini Tanzania vilisikiliza redio pamoja, kisha vikasoma kijitabu na kujadiliana. Sauti haikuua kisomo. Hata wewe unayesoma polepole waweza kusikiliza huku ukifuata maneno kwa macho. Na mzee ambaye macho yake yamechoka kwa umri atashukuru.

Utakapokwenda dukani kununua simu kwa ajili ya ndugu yako asiyeona, usilipe kwanza. Mwambie muuzaji aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu ya ufikivu, awashe TalkBack, aweke sauti ya Kiswahili, na akuonyeshe namna ya kuizima. Kisha mpe ndugu yako simu hiyo mkononi, aijaribu mwenyewe. Muuzaji akisema hajawahi kufanya hivyo, mngojeeni ajifunze.