Mikono Safi na Ulimi Wenye Ujasiri

Ndugu vijana, wako wagonjwa wanaoingia hospitalini na ugonjwa mmoja, kisha wakapatwa na mwingine mle mle walimokimbilia kuponywa. Twaona inafaa kulitafakari jambo hili, kwa maana laonyesha jinsi uhai wa mtu unavyoweza kutegemea mambo madogo.

Mgonjwa mahututi mara nyingine huhitaji dawa ambazo mshipa mdogo wa mkono hauwezi kuzipokea. Ndipo waganga humwingizia mrija mwembamba, uitwao katheta, katika mshipa mkubwa wa shingo, wa kifua au wa paja. Mrija huo ni msaada mkubwa, lakini pia ni mlango. Kijidudu kilicho juu ya ngozi au mkononi mwa mhudumu kikiupita, kimekwisha kuingia damuni, nayo damu hukieneza mwili mzima.

Kwa muda mrefu waganga wengi walidhani kwamba maambukizi hayo hayaepukiki. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari Peter Pronovost aliandika orodha fupi ya hatua za kufuata. Wauguzi walipoombwa kuangalia kwa mwezi mmoja, waliona kwamba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa, waganga waliruka angalau hatua moja.

Baadaye kazi hiyo ilifika jimbo la Michigan, katika vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi. Mambo yalikuwa matano: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kumfunika mgonjwa kwa kitambaa safi kabisa, na mhudumu kuvaa kofia, barakoa, joho na glavu, kuepuka mshipa wa paja ikiwezekana, na kuondoa mrija mara usipohitajika tena. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: katika miezi 18 maambukizi yalikuwa yamepungua kwa hadi asilimia 66.

Hakuna hata moja kati ya hayo matano ambalo waganga hawakulijua. Jipya lilikuwa hili: muuguzi alipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na wakubwa wa hospitali walimuunga mkono.

Kwetu wengine watauliza: je, mdogo kumkosoa mkubwa si kuvunja heshima? Sisi twaona sivyo. Orodha iliyokubaliwa na wote huondoa aibu pande zote mbili, kwa kuwa anayesema hasemi kwa jina lake mwenyewe. Anakumbusha tu lile ambalo mkubwa naye alilikubali. Heshima inayonyamaza huku mgonjwa akidhuriwa imepoteza maana yake.

Wengine watasema kwamba mirija hiyo ni ya hospitali za matajiri. Ni kweli kwamba vituo vyetu vingi havina, na mara nyingine hata maji hukosekana. Lakini sindano ya serumu tunayoiona mkononi mwa wagonjwa wetu ni mlango vilevile. Tena, wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walizoea kunawa mikono kwenye kila mlango. Tusikubali ndoo zile zikauke kwa sababu hofu imepita.

Basi, kundi letu linapokwenda kutembelea wagonjwa siku ya Dominika, tunawe mikono kabla ya kumkaribia kila mmoja na baada ya kumwacha. Tusiguse mrija wala bandeji yake. Tukiona bandeji imelowa, au mahali pa sindano pamevimba na kuwa pekundu, tumwambie muuguzi papo hapo, kwa upole, bila kungoja mkubwa atutangulie. Nanyi mnaosomea uuguzi, siku mtakapoona hatua imerukwa, semeni.