Maafa Hayana Mgeni Rasmi



Mimi ni muuguzi kaskazini mwa Uingereza, na kwetu ni Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikafungua simu, nikakuta picha ya mkia wa ndege umechomoza juu ya maji. Sikuhitaji kusoma maelezo. Uwanja wetu uko pembeni kabisa mwa ziwa, na kila aliyewahi kutua pale anajua moyo unavyodunda. Ndege ile ya Precision Air ilikuwa na watu 43. Wakafa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao.

Tuliwasifu wavuvi, na kwa haki. Kijana mmoja alipewa zawadi, na Rais akaagiza apewe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kama wengine. Lakini kumpa mmoja ajira ni shukrani tu. Mpango ni kuwaita wenzake wote kwenye mazoezi kabla ya ajali nyingine. Basi nauliza, na swali si la Bukoba peke yake: katika mji wenu wenye bandari au uwanja wa ndege, wavuvi wamo kwenye orodha ya wanaoitwa pakitokea maafa?

Kuna watakaosema, dada huyu amekaa Ulaya sasa anatuletea ya Wazungu. Hapana. Nataka niwaambie jinsi Wazungu wenyewe walivyoshindwa.

Tarehe 22 Mei 2017 usiku, gaidi alilipua bomu Manchester Arena, akaua watu 22. Mwaka mmoja tu kabla, Mei 2016, vyombo vya eneo lilelile vilifanya zoezi kubwa katika jengo la maduka la Trafford Centre, na mfano wake ulikuwa shambulio la kigaidi. Kwa hiyo mazoezi yalikuwepo, tena ya gharama. Usiku wa tukio lenyewe, polisi walitangaza hali ya hatari bila kuwaarifu zimamoto wala watu wa magari ya wagonjwa. Zimamoto, ambao kituo chao cha karibu hakikufika hata maili moja, walifika baada ya saa mbili na ushei. Kwa dakika 40 za mwanzo, pale walipolala majeruhi palikuwa na mhudumu mmoja tu wa gari la wagonjwa.

Taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Sir John Saunders ilitoka tarehe 3 Novemba 2022, siku tatu kabla ya ndege yetu kuanguka. Ilisema kwamba afisa wa zamu wa polisi alizidiwa na kazi, na kwamba udhaifu huo ulikuwa umejulikana zamani, hata kwenye mazoezi ulijitokeza. Haukurekebishwa. Na yupo mmoja kati ya marehemu ambaye, kwa mujibu wa uchunguzi huo, huenda angepona kama angehudumiwa vizuri mapema.

Funzo ninalolichukua mimi ni hili: zoezi ni la kutafuta palipooza. Usipopaziba, umepoteza siku na hela, na mbaya zaidi, umejidanganya kwamba uko tayari.

Nimeshiriki mazoezi ya namna hiyo kazini. Mara moja tulipewa majeruhi wa kuigiza, tukatakiwa tupige namba iliyoandikwa kwenye mpango. Ikaita ofisi iliyohama zamani. Tulicheka, lakini mratibu aliandika, akataja nani atairekebisha na lini. Zoezi lililofuata namba ikapokelewa. Kile kicheko chetu kingekuwa kilio siku ya kweli.

Sasa linganisheni na zoezi nililolishuhudia nilipokuja likizo, katika mji ambao sitautaja. Mahema, viti vya plastiki, fulana mpya, na mheshimiwa mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili. "Majeruhi" walisubiri juani ili mheshimiwa awaone wakiokolewa. Kila kitu kilikwenda sawasawa, maana kila mtu alijua atakachofanya. Hotuba ikasomwa, soda zikanywewa. Hakuna aliyeandika kosa hata moja. Maafa hayana mgeni rasmi, ndugu zangu. Hayamsubiri mtu.

Najua jibu litakalokuja: hatuna fedha. Lakini zoezi la kwanza halihitaji boti wala helikopta. Linahitaji meza, chai na maandazi. Wakae polisi wa majini, zimamoto, watu wa uwanja wa ndege na bandari, Msalaba Mwekundu, mganga mkuu wa hospitali ya mkoa, na viongozi wa wavuvi wa mialo. Mmoja aseme: sasa ni saa tatu asubuhi, chombo kimezama na watu 40. Nani anampigia nani? Pigeni hapohapo tuone kama simu inapokelewa. Boti ina mafuta? Funguo anazo nani? Mvuvi akifika kwanza, anamkabidhi majeruhi nani, na wapi?

Hilo la mwisho linanigusa kama muuguzi. Wanaoweza kutembea ndio mara nyingi hufika hospitali kwanza, kwa pikipiki na kwa magari ya wasamaria. Wanajaza vitanda. Aliye mahututi anakuja baadaye, anakuta mahali pamejaa. Mvuvi aliyefundishwa nusu siku tu kutazama anayepumua na asiyepumua, na kuzuia damu, anaweza kubadilisha hesabu ya makaburi.

Baada ya meza, fanyeni zoezi dogo majini bila kutangaza saa. Wawepo watu wa kutazama saa na kuandika. Jioni hiyohiyo kila mmoja aseme kilichomshinda, na kila kosa lipate jina la mwenye kulirekebisha na tarehe. Kisha rudieni. Mkuu atakayemkaripia aliyekiri kosa atakuwa ameua zoezi.

Na sisi wa ughaibuni tusikwepe. Tunapenda kuchangisha kununua gari la wagonjwa, tupige nalo picha. Mwaka huu tuchangie chai na maandazi, mafuta ya mitumbwi, na nauli ya muuguzi mmoja au mwokoaji mmoja wetu anayekwenda likizo akakae na watu wa nyumbani siku mbili. Mimi nimeshajiandikisha kuwa wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.