Mpaka wa Rusizi unahitaji wakemia

Mzazi wa Kamembe anayeuza unga Bukavu, akisikia mwanawe amechagua kusoma kemia chuo kikuu, huuliza kwanza: utaajiriwa wapi? Kwa hofu hiyo wengi hukimbilia masomo ya biashara, na idara za kemia hubaki na wanafunzi wa kuhesabika. Kwa maoni yangu, jibu la mzazi huyo limo ndani ya gunia lake mwenyewe.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, ila kwa masharti, likiwemo cheti cha kuthibitisha kuwa sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100 za mahindi. Macho hayawezi kuiona, na kupika hakuimalizi. Kenya haikuogopa bure: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa nchi hiyo.

Yaliyotokea kule yanaweza kutufika. Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unapunguza karatasi za forodha, lakini haumwondolei mtu ukaguzi wa usalama wa chakula. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata mali bila cheti cha maabara inaweza kupotea.

Cheti hicho hakiandikwi na afisa wa forodha. Anayepima ni mkemia. Sampuli ikisafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Kigali, mtaji wa mama mwenye magunia matano unalala ukingoja majibu.

Wapo wanaosema idara yenye wanafunzi wachache ni hasara, kwa kuwa vifaa na kemikali ni ghali. Gharama ni kweli. Lakini mkemia mmoja mpakani anaweza kuhudumia mamia ya wafanyabiashara, na mwanafunzi katika darasa dogo hupata nafasi ya kushika kifaa mwenyewe badala ya kutazama wenzake kwa mbali.

Kemia inafundishwa pia ng'ambo ya daraja, katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, karibu na Kamembe kuliko Kigali. Kikwazo ni lugha: Bukavu wanasoma kwa Kifaransa, vyuo vya Rwanda kwa Kiingereza. Hata hivyo alama za kemia ni zile zile. Mwaka 2017 Jumuiya ilitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo lifanye kazi hapa: wanafunzi wa pande zote mbili wafanye mazoezi katika maabara moja ndogo ya mpakani, wakipima mahindi, unga na maziwa chini ya wataalamu wa viwango wa nchi zote mbili.

Vyama vya ushirika vya wafanyabiashara visingoje mzigo uzuiwe ndipo vilalamike. Viidai maabara hiyo sasa kwa viongozi wa wilaya. Na kijana wa nyumbani akisema anataka kemia, asikatishwe tamaa. Huenda yeye ndiye atakayetia sahihi cheti cha kuvusha mzigo wa mama yake.