Gari mpya ya staa au Altezza ya 1999: raha ya usukani iko wapi?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, wiki iliyopita katupia video yuko ndani ya gari mpya ya Kijerumani, ile ya michezo. Anapiga honi, anacheka, anasema wenye Altezza "bado wako kwenye mikweche". Nimeiangalia ile video mara tatu. Ya tatu ndo nikashtuka: muda wote gari imepaki.

Sasa wadau, mimi ni mtoto wa Njisi, hapahapa Kasumulu boda. Gari sina, nisiwadanganye. Lakini macho yangu yameona gari nyingi kuliko ya huyo staa, maana zinazoshushwa bandari ya Dar kwenda Malawi kwa njia hii zote zinatupitia kabla ya kuvuka mto Songwe. Madereva wa IT wanazileta zaidi ya kilomita 900 barabarani. Leo kigari cha kwenda sokoni, kesho BMW ambayo hata bei yake naogopa kuuliza.

Mtaani kwetu kuna kaka anafanya kazi hiyo miaka mingi. Nikamuuliza, kaka, kati ya gari za sasa na za zamani, ipi ina raha? Akafikiria kidogo. "Hizi mpya nikifika hapa sikumbuki hata nimepita wapi. Zile za zamani nakumbuka kila kona."

Na kona anazijua. Ukitoka Uyole, Kiwira, Tukuyu, mpaka ushuke huku kwenye joto letu la Kyela, barabara haijanyooka. Mteremko, kona, bodaboda kabeba mikungu ya ndizi, lori linapanda kwa gia ya kwanza, halafu mvua ya Rungwe ambayo haipigi hodi.

Hapo ndo hoja yangu ilipo. Gari za michezo za sasa zina nguvu kupita kiasi. BMW M5 iliyotoka 2024 ina nguvu za farasi zaidi ya 700 na uzito unaozidi kilo 2,400. M5 ya kwanza, ya miaka ya 80, ilikuwa kilo 1,400 na ushee. Mpya inakimbia kuliko ya zamani, hilo halina ubishi. Ila ili uanze kusikia kitu, inabidi ufike 150. Utafika 150 wapi? Pale kwenye kibao cha 50 trafiki kajificha na tochi, au pale wanafunzi wanapovuka? Kwenye spidi ambayo binadamu mwenye akili anaiendesha barabara ya Tukuyu, gari ile inasinzia, na wewe unasinzia nayo.

Halafu usukani. Zamani ulisaidiwa na mafuta ya haidroli, tairi ikikanyaga kokoto mkono unasikia. Siku hizi ni mota ya umeme. Hata Porsche 911 iliachana na haidroli kwenye kizazi kilichotoka 2011. Unakuwa mwepesi, unasaidia kubana mafuta, lakini habari za barabara hazifiki mkononi. Na kuna gari mpya mngurumo wa injini unaongezewa kwenye spika za ndani! Yaani umelipa mamilioni kusikiliza mngurumo kama unavyosikiliza singeli.

Linganisha na Altezza RS200, iliyotoka 1998. Injini ya lita 2, nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, tairi za nyuma ndo zinasukuma. Ukitaka ikupe nguvu unaiungurumisha mpaka mshale uvuke 7,000. Klachi, gia, mafuta, vyote kazi yako, na kwenye 60 tu unajiona unafanya kitu. (Wale wa AS200 ya oto mliobandika nembo ya RS200, tunawajua, endeleeni.)

Wenzetu Toyota nao wameona. Supra mpya ya 2019, waliyoitengeneza na BMW, ilikuja ya oto tu. Watu wakalalamika wee, mpaka 2022 wakaleta ya gia za mkono. Kama raha ingekuwa kasi peke yake, nani angelilia klachi?

Ila nisiandike kama shabiki wa Simba na Yanga. Nina rafiki yangu tuliyemaliza naye fom foo, leo anatembea na magongo. Ilikuwa Altezza hiyohiyo ninayoisifia. Mvua, kona ya kushuka, mkia ukatoka, gari ikageuka ikaingia kwenye migomba. Gari mpya ingekuwa na kompyuta ya kushika breki tairi mojamoja na kuirudisha kwenye mstari kabla hajajua kinachoendelea. Ile haikuwa nayo. Na matairi yalikuwa ya mtumba, yamekauka. Pesa ya matairi alinunulia rimu na spika.

Nilimuuliza juzi kama anaichukia ile gari. Akasema anachukia matairi.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa raha ya kuendesha, ya zamani inashinda, tena kwenye barabara zetu ndo inashinda zaidi. Kwa kurudi nyumbani mzima, mpya inashinda. Anayekwambia ya zamani ina vyote viwili anakuuzia gari. Ukiichukua, hela ya kwanza iende kwenye matairi, breki na shokapu, muziki baadaye. Bahati nzuri fundi wa mtaani anaifungua kwa spana, wakati hiyo ya staa ikiwasha taa tu utaisafirisha Mbeya ikapimwe na kompyuta, na pengine ipitilize Dar.

Yule kaka wa IT naye ana Altezza yake ya 1999, gia za mkono, anataka kuiuza. Kanitajia bei, nimeomba anisubiri mpaka tuvune mpunga. Mama bado sijamwambia. Anamfahamu yule rafiki yangu, ndo alikuwa anampelekea uji hospitali.